Dumu la Mbege Hadi Njombe

Mbege ikiwa safarini haifungwi kifuniko kikakaza. Mchaga yeyote aliyewahi kuisafirisha analijua hilo: bado inachemka yenyewe mle dumuni, inatoa hewa, na ukiibana itatafuta pa kutokea. Kondakta wa basi letu pale Moshi naye alilijua, maana alilinusa dumu mara moja tu, akatikisa kichwa. "Wazee wangu, hii kwenye buti haipandi. Ikimwagikia mabegi ya watu nitalipa mimi." Shemeji akamvuta pembeni, wakaelewana kiutu uzima, na dumu likaingia ndani ya basi pamoja nasi. Likakaa katikati ya miguu yangu, kifuniko kimelegezwa, jani la mgomba limezibia mdomo.

Tulikuwa tunapeleka posa. Mtoto wa dada yangu amempata binti wa Kibena, wa Njombe, na kwetu Marangu wazee hawatumwi kuomba mke wakiwa na soda peke yake. Ilikuwa baada ya Pasaka, masika yanaelekea ukingoni. Wengi wangeteremka hadi Chalinze kisha wapande kuelekea Iringa. Sisi tulichagua njia ya Arusha, Babati, Kondoa na Dodoma, tulale Dodoma, tuamkie Iringa. Kwa abiria wa kawaida huo ni uamuzi wa nauli na usingizi. Kwa mwenye mbege ni uamuzi wa ladha, kwa sababu kila usiku unaolala njiani pombe inazidi kuchacha.

Aliyeipika ni shangazi. Ndizi zilizoiva hadi kulegea alizichemsha kwenye pipa juu ya kuni, saa nyingi, mpaka zikageuka wekundu wa udongo, kisha akaziacha siku kadhaa zichachuke. Hamira hakutia. Hamira ipo tayari kwenye vyombo vyake, kwenye mwiko, hewani mwa jiko lile ambalo limepika mbege tangu sijaoa. Pembeni akawa na ulezi ulioloweshwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Huo hupikwa uji, na ndani ya uji ndimo inamoingia siri yenyewe, msesewe. Ni magome ya mti, hukaushwa na kutwangwa, na uchungu wake hukaa nyuma ya ulimi kama wa kwinini. Kule Ulaya kazi ya kukata utamu wa kimea wameipa hopsi, maua ya mmea unaopanda kwenye miti. Sisi tulikuwa na msesewe kabla hatujaisikia hopsi, na sioni tuliloibiwa.

Hapo kwenye msesewe ndipo walevi wa Kichaga wanapogawanyika. Wapo wanaotaka mbege ya ndizi nyingi, nzito, tamu, ambayo hata mgonjwa angeinywa. Wapo tunaotaka uchungu usikike. Mkono wa shangazi ni mzito, nami namshukuru Mungu kwa mkono huo. Asubuhi ya safari alichota kwa kata, akanywa yeye kwanza, maana mpishi ndiye anayetangulia ili mgeni aone hakuna kitu kibaya ndani, kisha akampokeza shemeji. Shemeji ni Msambaa wa Lushoto. Kwao hutengeneza pombe ya miwa, na ulimi wake umelelewa kwenye sukari. Akapuliza machicha ya ulezi yaliyoelea juu, akapiga funda moja, uso ukakunjamana.

"Shangazi, leo umetupa dawa."

"Kunywa, baba. Itakufungulia tumbo."

Mimi nilimaliza kata yangu na ile aliyoiacha. Ilikuwa bado changa, utamu wa ndizi unatangulia, uchungu unafuata taratibu, na uchachu ndiyo kwanza unachungulia.

Toka Arusha hadi Makuyuni nilimwonyesha shemeji upande wa kulia: Monduli huko juu, na Karatu mbele zaidi, ndiko inakolimwa shayiri inayokwenda kwenye viwanda vya bia. Alitazama kwa heshima ambayo hakuionyesha kwa ndizi zetu. Tulipokaribia Kondoa jua lilikuwa limepasha basi, na dumu likaanza kutoa sauti, kitu kama mtu anayelala na mafua. Mama aliyeketi mbele yetu akageuka. "Baba, hicho chombo chenu kinapumua." Nikamwambia ndiyo, mama, kiko hai. Akajitanda kanga vizuri, akahamia dirishani.

Dodoma tulifika giza limeingia. Mji wa zabibu ule, unaozivuna mara mbili kwa mwaka, na mtu wa heshima angeagiza mvinyo wa Makutupora. Lakini shemeji alikuwa ameisubiri bia tangu Babati. Tukakaa kwenye baa iliyo jirani na nyumba ya wageni, mbuzi choma mezani, na mhudumu akaja na swali lile la kila baa nchini mwetu: "Ya baridi au ya moto?"

Wageni hudhani mhudumu anatania. Bia ya moto haijapashwa popote. Ni ile iliyokaa kwenye kreti pale nyuma, haikuonja friji. Shemeji aliagiza Kilimanjaro ya baridi sana, ile ambayo chupa inatoka jasho, na mimi nikaagiza Safari ya moto. Ukawa mwanzo wa mabishano yaliyotuchukua mpaka nyama ikaisha.

Hoja yake: bia ni maji ya kukata kiu, na kiu haikatwi na kitu cha vuguvugu. Hoja yangu: baridi inaufisha ulimi. Huo si ushabiki. Kitu kikiwa baridi sana ladha zake hazisikiki sawasawa, na harufu haipandi puani. Ndiyo maana bia iliyo dhaifu hupenda barafu. Ukiinywa ya moto inakuwa haina pa kujificha: kimea kinasikika, uchungu unasikika, na kama kilevi chake hakina kitu cha kukibeba, nacho utakisikia kikiwa uchi. Safari, kwa asilimia zake 5.5, inastahimili jaribio hilo. Kilimanjaro ina 4.5, na bila friji, kwa maoni yangu, inakuwa nyembamba.

"Basi wewe ni mtu wa Safari," akasema, kana kwamba amenipa chama.

Ila nilimkatalia. Tunagombana kuhusu lebo kama Simba na Yanga, wakati karibu kila chupa kwenye friji ile ni ya ukoo mmoja. Ni laga ya rangi ya dhahabu, inayochachushwa na hamira inayopenda kufanya kazi kwenye ubaridi, polepole, kisha ikaachwa itulie wiki kadhaa hadi iwe safi na isiyo na vituko. Mkuu wa ukoo huo ni bia iliyopikwa mwaka 1842 katika mji wa Plzeň, huko Bohemia, na mpishi aliyetoka Bavaria, Josef Groll. Walichokuwa wanakunywa watu wa mji ule kabla yake kilikuwa kibaya kiasi kwamba mwaka 1838 waliyamwaga mapipa mbele ya jengo la baraza lao. Dunia nzima ikaipenda ile ya dhahabu, ikaiiga, na Dar es Salaam nayo ikapata kiwanda chake cha bia mwaka 1933. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, tofauti ya Safari ya moto na Safari ya baridi ni kubwa kuliko tofauti ya Safari na jirani yake wa kwenye rafu.

Chupa iliyotoka ukoo mwingine pale ndani ilikuwa Guinness, na hiyo nikaifunga nayo usiku. Weusi wake unatokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua, ndipo unapata ule uchungu wa kahawa isiyo na sukari. Na hamira yake ni ya joto, inafanya kazi haraka, inaacha harufu zake kwenye kinywaji. Katika hilo Guinness ni ndugu wa mbege kuliko alivyo ndugu wa Kilimanjaro. Shemeji aliionja kwa ncha ya ulimi, akairudisha upande wangu wa meza bila maneno.

Chumbani dumu lilikuwa limesukuma jani la mgomba pembeni. Nikaonja kwa kikombe cha chai. Utamu ulikuwa umekonda, uchachu umekamata mbele ya ulimi, msesewe umebaki palepale nyuma. Kwangu hapo ndipo mbege inapokuwa kwenye kilele chake. Shemeji akaniambia nikifika Njombe na kitu hicho tutarudishwa na binti asitolewe.

Iringa tulishuka Ipogolo, chini ya mji, kungoja gari la Njombe. Hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, kwa sababu ulanzi, pombe ya mianzi, una msimu wake na msimu ulikuwa unakwisha. Mvua zikinyesha mianzi inachipua. Mgema anaukata ncha mwanzi mchanga, anaining'iniza mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachokinga utomvu, na asubuhi na jioni anarudi kukata kipande chembamba ili kidonda kisifunge. Hakuna kupika, hakuna kimea, hakuna kuni. Utomvu unatoka mtamu na unaanza kuchachuka ukiwa bado mtini.

Kibanda kilikuwa cha mabanzi, madumu yamepangwa kivulini, benchi moja refu. Mwenyewe ni mama wa makamo, sweta begani. Tukamwamkia kamwene, akaitikia kamwene, akacheka namna tulivyoitamka. Kisha akauliza, "Mtakunywa togwa, wa jana, au mkangafu?"

Nilipenda swali lile. Baa ya Dodoma ilituuliza jina la kiwanda na hali ya friji. Mama huyu alituuliza siku. Kiwanda kinatumia fedha nyingi na watu waliosoma ili chupa ya leo isitofautiane na ya mwaka jana, na anayependa kitu kisichobadilika amepata haki yake. Kwenye ulanzi, na kwenye mbege, pombe haina ladha moja ya kuulizwa. Ina asubuhi yake na ina uzee wake, na mnywaji anajijua anaingilia wapi. Wazee waliokuwa kwenye benchi kila mmoja alikuwa na dumu lake, hakuna aliyemchotea mwenzake.

Togwa ndiyo mchanga, wa alfajiri: mweupe kama maji ya mchele, mtamu, harufu ya majani mabichi yaliyokatwa. Shemeji alipouonja niliona uso wa Lushoto unarudi. Akanywa kikombe cha plastiki mpaka chini, akaomba cha pili, akamuuliza mama kama anaweza kufunga wa kupeleka Tanga. Wa jana ulikuwa na viputo vidogo vinavyochoma, utamu umepungua nusu; huo ningeweza kukaa nao mchana kutwa. Mkangafu ni habari nyingine. Umekaa hadi ukaisha sukari yote, mkavu, mkali, unakwaruza koo na kukaribia siki. Nilinywa nusu. Ninapenda uchachu, lakini mkangafu unataka mtu aliyelelewa nao, na hasa unakosa kile kitu ambacho msesewe unakifanya kwenye mbege ya zamani: uchungu unaoupa uchachu mahali pa kuegemea. Sikulisema hilo pale kibandani.

Toka Mafinga misonobari ikaanza, ukungu ukaanza, shemeji akavaa koti lake la mjini.

Njombe wazee wa upande wa binti walitupokea vizuri. Dumu likafunguliwa rasmi, nikanywa mimi kwanza kama shangazi alivyoniagiza, na mzee mkubwa akapokea. Alikaa nayo mdomoni. Shemeji alikuwa anatazama sakafu. "Hii imekomaa," mzee akasema, akameza, akaomba tena, akawapitishia wenzake. Na waliokunywa kwa raha ni wale wazee waliokuwa na mkangafu miguuni pao. Vijana na akina mama walionja kwa adabu, wakahamia kwenye soda.

Tulipomaliza kula msemaji wao akafungua daftari, akasoma orodha ya mahari. Ng'ombe, blanketi la bibi, vitenge, majembe. Penye vinywaji mbege imo, dumu moja, na maelezo kwamba iwe ya umri kama hii tuliyokuja nayo. Chini yake kreti za bia, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: zisiwe za baridi. Shemeji alinyoosha mkono, akaomba kwa heshima angalau kreti moja ya wageni iwekwe kwenye friji. Wakashauriana kwa Kibena muda mrefu kuliko walivyoshauriana kuhusu ng'ombe. Jibu likaja kwamba ombi limesikika, ila Njombe mwezi wa sita, siku ya harusi yenyewe, bia iliyoachwa barazani usiku mmoja itamtosha mtu yeyote anayetoka Tanga.