Kutoka Mutaho Hadi Gishora: Safari ya Ngoma Katika Mvua za Desemba

Mutaho iko kaskazini ya Gitega, katika vilima vya Burundi ya kati, kwenye njia iendayo Ngozi. Theluji haijulikani huko, lakini kila mtoto analijua neno urubura, yaani mvua ya mawe. Urubura ukianguka mwezi wa Novemba au Desemba, majani ya migomba huchanika kama nguo kuukuu, punje changa za kahawa hudondoka, na maharage yaliyokaribia kuvunwa hulala chini. Ukungu hukaa mabondeni hata jua liwe juu, na usiku watu hujifunika mablanketi mawili. Ni katika miezi hiyo ya tope na baridi ambapo Warundi wa zamani walifanya safari iliyo kubwa kuliko zote za mwaka, nayo ilikuwa safari ya kwenda kwenye ngoma.

Si jambo geni duniani kwa wapenzi wa sanaa fulani kukusanyika wakati wa hali mbaya ya hewa. Katika miji ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini, watu huacha nyumba zao zenye moto, wakasafiri katika theluji inayofunga barabara na viwanja vya ndege, ili wakae siku mbili tatu pamoja na wenzao wanaopenda kile wanachokipenda wao. Asiyekipenda kitu hicho huwaona kama wamerukwa na akili. Mrundi wa kale asingewashangaa hata kidogo, kwa sababu sikukuu yake kuu iliangukia katikati ya mvua.

Sikukuu hiyo iliitwa umuganuro. Ilifanywa mwezi wa Desemba, wakati wa kuanza kupanda mtama. Mwami, yaani mfalme, alionja chakula cha mtama mbele ya watu wake, na ngoma kuu ya nchi iitwayo Karyenda ikasikika. Baada ya hapo wananchi walikuwa na ruhusa ya kupanda. Watunza ngoma na watu wa koo zenye kazi za ibada walitoka vilimani mwao wakaelekea kwenye makao ya Mwami, aghalabu upande wa Muramvya, ngoma zikiwa vichwani. Hapakuwa na barabara wala madaraja ya saruji. Mito ilikuwa imefurika na njia zilikuwa za udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, lakini watu walikwenda.

Kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili, chombo kinachopigwa na utawala wenyewe. Ndiyo maana wageni waliotaka kuudhoofisha utawala huo hawakuiacha ngoma ibaki ilivyokuwa. Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu katikati ya karne ya 19 hadi mwaka 1908, aliwapinga Wajerumani kwa miaka kadhaa, mpaka alipolazimika kufanya mapatano nao huko Kiganda mwaka 1903. Baada ya Wajerumani walikuja Wabelgiji. Kwa msukumo wa serikali ya kikoloni pamoja na wamisionari, umuganuro wa kifalme ulikoma mwaka 1929. Ufalme wenyewe uliondolewa mwezi wa Novemba 1966, Burundi ikawa jamhuri.

Hata hivyo ngoma hazikunyamaza, na msafiri anayetaka kujua sababu anaweza kuifuata njia ya Mutaho kuelekea kusini.

Njia hiyo haizidi kilomita 50 hadi mjini Gitega. Katika nchi hii hakuna vijiji vilivyokusanyika kama vile vya Tanzania, bali kila mlango una kilima chake na kila nyumba imezungukwa na migomba yake, hata macho ya mgeni hayajui mji unaanzia wapi na shamba linaishia wapi. Asubuhi ya Desemba barabara hujaa watu kabla ya saa moja. Akina mama hutembea na vikapu vya viazi vitamu na majembe begani. Vijana wa baiskeli hubeba mikungu ya ndizi, wakiteremka kwa kasi inayotisha na kupanda kwa kusukuma. Wazee hukutana kwa salamu ya amashyo, ambayo ni dua ya kumtakia mwenzako makundi ya ng'ombe. Mvua ikianza, watu huingia chini ya paa lolote lililo karibu, na mwenye nyumba haulizi ni nani aliyeingia.

Msafiri hupita Bugendana, kisha akifika jirani na Gitega huiacha njia ya mjini na kukipanda kilima cha Gishora, kiasi cha kilomita 7 kutoka mjini. Hapa ndipo Mwezi Gisabo alipojenga makao yake baada ya kumshinda mtawala mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Kuna nyumba kubwa ya kifalme ya miti na nyasi, yenye umbo la kuba, na ua wa miti unaoizunguka. Kilima hiki kina ngoma mbili za heshima, Ruciteme na Murimirwa. Jina la kwanza humtaja yule ambaye watu hufyeka msitu kwa ajili yake, na la pili yule ambaye watu hulima kwa ajili yake. Kazi mbili za mkulima, kufyeka na kulima, zimewekwa katika majina ya ngoma za mfalme.

Ngoma ya Burundi huchongwa kutoka gogo la mti uitwao umuvugangoma, maana yake mti unaoifanya ngoma iseme. Gogo hutobolewa ndani, kisha ngozi ya ng'ombe huwambwa juu yake kwa vigingi vya mti. Ngoma zinapopangwa, huwa kumi na zaidi na idadi yake daima ni witiri. Moja husimama katikati, nayo huitwa inkiranya, na ndiyo inayotoa amri. Nyingine hupangwa nusu duara nyuma yake. Kati yake zile ziitwazo amashako hushika mapigo yasiyobadilika, na zile ziitwazo ibishikizo huifuata inkiranya kila inapogeuka. Wapigaji, ambao huitwa abatimbo, hupokezana katikati, wakiruka na kucheza na fimbo zao, huku wenzao wakiwaitikia. Askari aliyewahi kusimama kwenye gwaride ataitambua nidhamu hiyo mara moja, maana mmoja huongoza, wengi hufuata, na anayekosea husikika na wote.

Mvua ndiyo adui wa ngoma hiyo. Ngozi ikipata unyevu hulegea, na sauti yake huwa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Hapana budi ngoma ikaushwe kwa jua au kwa joto la moto mpaka ngozi ikaze tena. Siku ya mvua kubwa, anayekwenda Gishora anaweza kungoja muda mrefu chini ya paa, pamoja na watoto na wageni, kila mmoja akitazama mawingu. Jua likitoka, ngoma hutolewa nje, na mikono ya vijana hujaribu ngozi moja baada ya nyingine. Kwa hiyo inastaajabisha kwamba wazee waliiweka sikukuu kuu ya ngoma katika mwezi wa mvua. Waliiweka hapo kwa kuwa mbegu ya mtama huitaka mvua hiyo hiyo inayoilegeza ngozi ya ngoma. Kazi ya kuitunza ngoma iendelee kulia wakati kila kitu kimelowa ilikuwa ya watu, nao waliifanya kwa kufundishana, baba kwa mwana.

Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mwezi wa Oktoba 2017 serikali ya Burundi ikatoa amri ya kuilinda. Amri hiyo ilielekeza kwamba ngoma hizo zipigwe katika sherehe rasmi, na anayezitaka kwa shughuli nyingine aombe kibali kwa wizara inayosimamia utamaduni. Iliwakataza pia wanawake kuzipiga, ingawa kabla ya hapo vilikuwapo vikundi vya wanawake waliokwisha kujifunza. Wanaoiunga mkono husema kitu kitakatifu kikipigwa kila harusi hugeuka mchezo wa mtaani. Wengine hujibu kwamba sehemu za ngoma yenyewe zimepewa majina ya mama, kwani vigingi huitwa amabere, yaani maziwa ya mama, tumbo lake huitwa inda, na liko taji liitwalo urugori, ambalo ni alama ya uzazi. Tena huuliza kijana wa Mutaho atajifunza wapi, ikiwa ngoma inalia mahali pa kibali tu.

Swali hilo ni zito kwa sababu ya yale yaliyopita. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, Mutaho na vilima vya jirani viliona mauaji, na watu wengi wakaishi miaka mingi katika makambi ya waliohama makwao. Jirani aliacha kupita kwa jirani. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere mpaka alipofariki, kisha na Nelson Mandela, yaliweka kanuni kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu ya jeshi. Waliopigana wakaja kuvaa sare moja. Sheria inaweza kuwaweka watu katika kikosi kimoja, lakini kuwafundisha kusikilizana mapigo ni kazi ya miaka. Nusu duara la Gishora ni mahali ambapo kazi hiyo huonekana kwa macho, maana amashako zikikataa kuishika zamu yao, inkiranya hubaki peke yake ikipiga kelele.

Familia zinazokusudia kwenda huko mwezi wa Desemba na zifanye maandalizi. Viatu viwe vya kukanyaga tope, na watoto wavikwe sweta, maana Gitega iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ni vizuri kusafiri asubuhi, kwani radi na mvua kubwa huja zaidi mchana, na ikipiga radi mtu asijikinge chini ya mti ulio peke yake mlimani. Wanaotoka Muyinga na mpaka wa Tanzania hupita Karusi. Mjini Gitega, ambao tangu mwaka 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, ipo makumbusho ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1955, yenye vyombo vya zamani vinavyowasaidia watoto kuelewa waliyoyaona kilimani. Jioni inafaa kuonja maharage ya Kirundi na ndizi za kupika, na kwa watu wazima, pombe ya mtama inayonywewa kwa mrija kutoka chungu kimoja.

Ngoma zikiisha kupigwa hapo Gishora, vijana huzibeba tena vichwani na kuzirudisha mahali pakavu. Watoto wa kilimani huwafuata nyuma, wakipiga mapigo yale yale juu ya madumu matupu ya maji. Mzee anayewatazama hawafukuzi. Mara nyingine humsimamisha mmoja wao, akamshika mikono, na kumwonyesha zamu yake inapoanzia.