Kanuni za Karakana

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, na kwa miaka mingi niliamini kuwa mtu ajuaye maana za maneno hawezi kuwadhuru wenzake kwa maneno. Imani hiyo ilinitoka katika karakana moja ya mtaa wa Amani, hapa Unguja. Nitaeleza jinsi ilivyonitoka, kwa kuwa jambo lenyewe linamhusu kila atakayepata kuombwa na wenzake awatungie kanuni.

Amani ni mtaa wa uwanja wa mpira na wa viwanda. Mtu akitoka Mji Mkongwe kwa njia ya Darajani, akapita kando ya majumba marefu ya Michenzani, akazidi kwenda mashariki, hufika mahali ambapo sauti za nyundo na misumeno husikika tangu asubuhi. Hapo wakazi kadhaa walikodi banda la matofali lililoezekwa bati, wakaweka ndani yake zana ambazo hapana hata mmoja wao aliyeweza kuzinunua peke yake: kerezo, msumeno wa umeme, keekee, majiliwa mawili, mashine ya kuchomea vyuma, vyereheni vinne, kompyuta mbili, na mashine ndogo ya kuunda vitu kwa plastiki iliyoyeyushwa, tabaka juu ya tabaka. Kila mwanachama hulipa ada ndogo kwa mwezi, naye huingia akatengeneza alitakalo. Hapana tajiri wala kibarua.

Shirika la namna hii lina ndugu zake duniani. Mwaka 1998 Neil Gershenfeld, katika chuo cha MIT huko Marekani, alianza somo la kutengeneza karibu kila kitu; katika somo hilo zilichipuka karakana za watu wote, ambazo leo zimeenea mbali, na Nairobi zimefika. Hati yao fupi humtaka mtumiaji asidhuru watu wala mashine, asaidie kusafisha na kutunza, na awafundishe wengine ajualo. Karibu zaidi nasi, wachongaji wa Kikamba waliungana mwaka 1963 katika chama cha ushirika huko Changamwe, Mombasa. Na karibu kuliko wote uko wakfu, ambao pwani yetu imeujua kwa karne nyingi: mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi, na msimamizi wake ni mtunzaji, si mwenye mali.

Wanachama walinijia kwa sababu walitaka kujiandikisha. Tangu Sheria ya Jumuiya, Namba 6 ya mwaka 1995, watu wa Visiwani wamezoea kuwa jumuiya haitambuliwi bila ya katiba. Walikuwa na rasimu ya kurasa nne, iliyofasiriwa kutoka lugha ya kigeni, na sentensi yake ya kwanza ilisema kuwa karakana yao ni jumuiya isiyo na faida. Nilicheka, nao wakacheka nami nilipowaeleza sababu. Kwa masikio ya Mswahili kitu kisicho na faida ni kitu cha kutupwa. Niliandika badala yake kuwa ni jumuiya isiyogawana faida: ikipata ziada, ziada itanunua zana na kulipia umeme, wala haitaingia mfukoni mwa mtu, na ikivunjika, zana zake zitapewa jumuiya nyingine yenye kusudi kama lake. Kifungu hicho nilikichukua katika roho ya wakfu, na mpaka leo sijakijutia.

Nakiri kuwa kazi ile ilinipa kiburi. Niliwatolea wanachama hotuba juu ya maneno yao wenyewe. Niliwaambia kuwa karakana ni neno lenye asili ya Kiajemi, nyumba ya kazi. Niliwaambia kuwa fundi na mwanafunzi ni watoto wa shina moja, hata fundi asiyefundisha amepungukiwa na nusu ya jina lake. Niliwaambia kuwa kanuni ilikuja kwetu kwa njia ya Kiarabu, nacho kiliipokea kutoka kwa Wayunani, ambao kwao ilikuwa fimbo iliyonyooka ya kupimia. Wazee wa zamani, nikasema, hawakuandika kanuni. Mwanagenzi alikaa miguuni pa fundi wake, akajua kwa macho lililo mwiko, na alipohitimu alimpa fundi kilemba, wakaagana kwa radhi. Lakini karakana yenu haina fundi mmoja wa kutazamwa usoni, kwa hiyo lazima kanuni ziandikwe, na ziandikwe pasipo mwanya.

Basi niliandika pasipo mwanya. Kifungu cha sita kilisema kuwa zana yoyote haitatoka nje ya karakana. Kifungu cha saba kilisema kuwa mwanachama ambaye hatalipa ada kwa miezi mitatu mfululizo, uanachama wake utakoma, wala hataingia karakanani mpaka aombe upya. Nilivisoma mbele yao kwa sauti, navyo vilipendeza. Vilipitishwa kwa mikono yote.

Miongoni mwa mikono hiyo ulikuwamo mkono wa mwanamke mmoja mshoni. Baada ya miezi michache alifiwa na mumewe. Aliingia edani, na eda ya mfiwa, kama ijulikanavyo, ni miezi minne na siku kumi. Alikuwa amepokea kazi ya kushona sare za watoto wa skuli, na vitambaa vilikwisha katwa. Alimtuma mwanawe karakanani kuomba chereheni kimoja, ashone nyumbani. Akajibiwa kwa kifungu cha sita. Kwa kuwa hakushona, hakupata fedha. Na kwa kuwa hakupata fedha, hakulipa ada. Mwezi wa nne wa eda haujakwisha, akajibiwa kwa kifungu cha saba. Mtoto alirudishiwa bahasha ya barua na furushi la vitambaa.

Mtoto huyo hakwenda nalo nyumbani moja kwa moja. Alikuja kwangu, akaliweka furushi mlangoni, akasema, "Shikamoo, Maalim. Mama anakusalimu. Anauliza, ni wewe uliyeandika?"

Nikasema ni mimi. Hakusema neno la pili.

Jioni ile nilikwenda Amani. Katibu alikuwa akifagia unga wa mbao, na pembeni mzee seremala, mkubwa kuliko sote, alikuwa akimaliza fremu ya dirisha. Katibu ni kijana mwaminifu, wala sikuona haya machoni pake.

"Maalim, mimi sikumwonea mtu," alisema. "Kifungu chasema miezi mitatu, nami nimehesabu mitatu. Leo nikimwachia huyu, kesho nitamnyima nani? Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

Sikuwa na jibu, maana maneno yale ningaliweza kuyasema mimi. Mzee akajibu bila kuinua kichwa: "Msumeno hufuata mstari, mwanangu. Mstari ukienda upande, msumeno utakata upande, nao haujui."

Kisha akachukua ubao wake wa kupigia mstari, mrefu kama mkono, akauweka juu ya kipande cha mbao laini, akapiga mstari kwa penseli. Akaupindua ubao, ukingo ule ule ukakaa upande wa pili wa mstari, akapiga mstari mwingine baina ya ncha zile zile. Mistari miwili ilikutana mwanzoni na mwishoni, lakini katikati iliachana kwa unene wa ukucha.

"Ubao huu nimeuamini tangu masika," alisema. "Umepinda. Ukiutazama upande mmoja tu, hutajua abadan."

Nilisimama pale na elimu yangu yote ya Kiyunani. Nilikuwa nimewaambia watu hawa kuwa kanuni ni fimbo iliyonyooka, wala sikupata kuwaza kuwa fimbo nayo hupimwa, na kuwa hupimwa kwa kupinduliwa. Niliandika vifungu vyangu nikiwa upande mmoja: upande wa mtu mwenye mshahara, asiyekaa eda, ambaye akikosa kulipa ada hukosa kwa uzembe. Kwa mtu huyo mstari ulikuwa sawa kabisa.

Jambo hili lilikwisha andikwa na wataalamu. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza malisho, misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi yanayotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alionyesha kuwa mashirika yaliyodumu yana tabia zinazofanana: wanaofungwa na kanuni wana sauti ya kuzibadili, adhabu huanza ndogo na kukua kwa kadiri ya kosa, na walinzi wa mali huwajibika kwa watumiaji wake. Kitabu hicho nilikisoma kabla ya kuandika kifungu cha saba. Nilikuwa nakijua kama mtu ajuavyo njia ya mji asiopata kuukanyaga.

Mkutano wa wanachama uliitwa. Niliomba ruhusa tusome upya kila kifungu, na kila kifungu tukipindue: kwanza tukiweke juu ya mwenye nguvu, kisha juu ya mnyonge, kwanza juu ya mwanachama, kisha juu ya kiongozi. Kazi hiyo ilichukua jioni tatu. Kifungu cha sita sasa chasema kuwa zana ndogo zaweza kutoka kwa mwenye udhuru, kwa hati ya dhamana na kwa idhini ya wanachama watatu. Kifungu cha saba chasema kuwa ada husimama kwa ugonjwa, kwa uzazi na kwa eda. Na kwamba hapana mwanachama atakayeondolewa kabla hajasikilizwa, yeye mwenyewe au mtu aliyemtuma.

Upande wa viongozi ulikuwa mgumu zaidi. Tulipokipindua kifungu cha saba, kilitoka hivi: kamati isiyowasomea wanachama hesabu kwa miezi mitatu mfululizo, uongozi wake utakoma. Si jambo geni; wafumaji na mafundi wenzao wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, walitaka hesabu zao zitolewe kila robo ya mwaka. Walakini mweka hazina wetu aliona ametukanwa. Alisimama akasema kuwa anafanya kazi bila ya malipo, tena baada ya kazi zake, na kuwa kifungu hicho chamfanya mwizi.

Mwanamke mmoja aliuliza kutoka nyuma, kwa upole, "Bwana, miezi mitatu ilipokuwa juu yetu, hukuiona nzito?"

Kifungu kilipita. Mweka hazina alijiuzulu usiku ule, na hesabu zake zilipokaguliwa zilikutwa sahihi mpaka senti ya mwisho. Nataja hilo ili msomaji asidhani kuwa kunyoosha kanuni hakuna gharama. Tulipoteza mtu mwema kwa kifungu cha haki, na sijui namna ambayo tungaliweza kuwa na vyote viwili.

Eda ilipokwisha, nilikwenda na mke wangu kumtaka radhi yule mshoni. Alitupokea vizuri, akatuandalia chai. Katika ukumbi kulikuwa na chereheni cha kukodi, na juu yake kanzu ya mtoto iliyoshonwa mkono mmoja.

"Nimesikia kifungu kimebadilishwa, Maalim," alisema. "Kheri. Atakayefiwa baada yangu atashona."

Nikamwuliza juu ya zile sare.

"Zile wamepewa watu wengine. Skuli zimekwisha funguliwa."

Nilimwambia kuwa nafasi yake karakanani ipo. Akajibu kuwa atatazama, akanijazia kikombe.

Hajarudi. Jina lake bado limo katika daftari. Katibu amelipigia alama pembeni na kuandika kwa hati nzuri kuwa ada ya miezi ile ilisimama. Mimi huenda Amani kila mwezi hesabu zinaposomwa. Ubao uliopinda mzee aliupiga randa upya, akaupindua, akapiga mistari miwili ikawa mmoja. Lakini amenionya kuwa mbao hupokea maji hewani, na kila baada ya masika ataupima tena.