Shemine ya Umeme, Montreal na Kanzenze

Msimu wa mvua ukianza, watu wa nyumbani wanaojenga huniuliza swali lile lile: yale magogo ya umeme mnayoweka kwenye shemine huko Kanada, huku yatafaa? Safari hii aliyeuliza ni mdogo wangu, anayemalizia nyumba yake Kanzenze, wilaya ya Rubavu, Rwanda. "Kaka," aliniandikia, "fundi ameshanijengea shemine ya mawe sebuleni, dohani imetokeza juu ya bati. Nitumie moto wa umeme kama wako, usafiri nitalipa mimi." Tumeongea kwa simu, lakini jibu lake ni refu na linawahusu wengi, kwa hiyo naliweka hapa.

Anayeijua Gisenyi ya ufukweni peke yake anaweza kushangaa Mnyarwanda anahitaji shemine ya nini. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na jioni pale unakaa nje na shati la mikono mifupi. Ukipanda kuelekea Kanzenze, hewa inabadilika. Ukungu unashuka kutoka upande wa Karisimbi, mlima wa mita 4,507, unafunika mashamba ya viazi, na saa moja jioni kila mtu ana koti au amejifunga shuka. Ni baridi ya unyevu: nguo hazikauki, godoro linakuwa zito, watoto wanakohoa. Kutaka joto sebuleni si anasa.

Hapa Montreal shemine ya umeme imeingia majumbani kwa njia nyingine kabisa. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa na shemine za kuni, kisha jiji likachoka na moshi. Kwa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2018, huruhusiwi kuwasha jiko au shemine ya kuni isipokuwa iwe imethibitishwa kutoa chembe laini zisizozidi gramu 2.5 kwa saa. Shemine nyingi za kawaida hazifiki kipimo hicho. Watu wakabaki na shimo jeusi ukutani, katikati ya sebule, lisilo na kazi. Umeme wa Quebec unatoka karibu wote kwenye maporomoko na mabwawa, na bei yake ni kati ya zile za chini kabisa Amerika Kaskazini, kwa hiyo jibu lilikuwa karibu: weka magogo ya umeme ndani ya shimo lile lile.

Tuyatazame kwa karibu. Magogo yenyewe ni ya rezini, yamemiminwa kwenye kalibu zilizochukuliwa kutoka kwenye kuni halisi, ndiyo maana unaona hadi nyufa za gome na mahali panga lilipopita. Chini yake kuna kitanda cha makaa bandia, na chini ya makaa kuna taa za LED nyekundu na za rangi ya chungwa. Katika aina nyingi, mota ndogo inazungusha kijiti chenye vipande vinavyong'aa. Mwanga unapovipiga, vivuli vinapanda na kushuka, na jicho linaona ndimi za moto. Joto halitoki kwenye ndimi hizo hata kidogo. Linatoka kwenye hita yenye feni iliyofichwa chini au nyuma, ambayo unaweza kuizima ukabaki na mwanga peke yake. Hita ya wati 1,500 iliyo ndani ya magogo ya bei kubwa inatoa joto sawa na hita ya wati 1,500 ya sokoni isiyo na pambo lolote. Muuzaji akikuambia vingine, usimsikilize.

Hapo ndipo Montreal na Kanzenze zinapoachana. Nyumba ya hapa ina kuta zilizojazwa sufi ya kuzuia baridi, madirisha ya vioo viwili, dari iliyofunikwa vizuri juu. Plinthi, yaani hita ndefu za umeme zilizo chini ya madirisha, ndizo zinazofanya kazi ya kupasha nyumba. Magogo yanaongeza kidogo tu mahali watu walipokaa. Nyumba nyingi za kwetu zina bati moja kwa moja juu ya kenchi, nafasi wazi kati ya ukuta na paa, na mlango ambao chini yake mkono unapita. Ukiwasha hita humo, joto linapanda, linapita chini ya bati na kutoka nje. Mdogo wangu alipouliza anunue aina gani, mimi nilimuuliza kama ameshapiga dari. Hakuwa amepiga. Nilimwambia pesa ya kwanza iende kwenye dari, ya pili kwenye kuziba ukingo wa paa na milango, na ya magogo ije baada ya hapo. Huenda akikaa usiku mmoja kwenye nyumba iliyofungwa vizuri atakuta haja ya hita imepungua nusu.

Kuna sababu kubwa zaidi ya kutaka moto wa umeme uingie nyumba za Kanzenze, nayo ni mbabula. Wote tumeiona: jiko la makaa linawashwa uani, linapepewa mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha mtu analibeba kwa uangalifu na kuliingiza chumbani ili watoto walale kwenye joto. Mlango unafungwa, nguo inasukumwa chini ya mlango. Makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya, kwa sababu yanaendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayokamata damu na kuizuia kubeba oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Sisi wa ukanda huu wa volkano hatuna udhuru wa kutoamini kwamba hewa inaweza kuua kimya kimya. Tumekua tukionywa kuhusu mazuku, ile gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni upande wa Goma na Gisenyi, inayolaza mbuzi na watu. Mtoto wa kwetu anajua asiingie kwenye shimo lenye mazuku. Basi ajue pia kwamba mbabula ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kama hiyo, ingawa gesi yake ni nyingine.

Magogo ya umeme hayana gesi hiyo. Nayakubali kwa ajili hiyo kuliko kwa uzuri wake.

Sasa kwa mwenye nyumba iliyokwisha kuzibwa na yenye shemine kama ya mdogo wangu. Kabla ya kununua, chukua futi upime shimo mara nne: upana wa mbele, upana wa nyuma, kimo na kina. Usidhani upana wa mbele unatosha, maana mafundi wengi hujenga shemine ikibana kuelekea nyuma ili kurudisha joto chumbani, na seti iliyotosha mbele inakwama kabla haijafika mahali pake. Nunua iliyo ndogo kuliko shimo kwa sentimita kadhaa kila upande, ili hewa ya hita ipite. Seti kubwa iliyobanwa inapata joto kupita kiasi, na swichi yake ya usalama itakuwa inaizima kila wakati.

Kama shemine ilishawahi kuwashwa kuni, futa masizi na majivu yote kwanza. Feni ikivuta masizi, itayarusha kwenye makochi yako. Kisha ziba dohani, la sivyo joto lote unalolilipia litapanda kupitia humo. Wengine wana mlango wa chuma ndani ya dohani, unaufunga. Wasio nao wanaweka mfuko maalumu unaojazwa upepo, au ubao uliokatwa kwa kipimo. Juu ya bati weka kofia ya kuzuia mvua na ndege. Halafu, na hili nalisisitiza, andika kwa herufi kubwa kwenye ubao au karatasi na ubandike ndani ya shemine: DOHANI IMEZIBWA, USIWASHE KUNI. Wewe utakumbuka. Mgeni, au binamu aliyekuja kulinda nyumba ukiwa safarini, hatajua.

Umeme ndio sehemu ambayo watu wa huku ughaibuni wanawaletea ndugu zao shida kwa nia njema. Kanada na Marekani zinatumia volti 120. Rwanda inatumia volti 230. Magogo niliyonayo mimi yakichomekwa Kanzenze, hita itavuta karibu mara nne ya nguvu iliyotengenezewa, na hapo utaungua waya au itaungua nyumba. Transfoma ya kubeba wati 1,500 kwa saa nyingi ni nzito na ghali, haina maana. Kwa hiyo jibu langu kwa mdogo wangu kuhusu kutumiwa lilikuwa hapana. Atafute seti ya volti 230, ile inayouzwa Ulaya. Nyingi za huko zina hatua mbili, wati 1,000 na wati 2,000.

Wati 2,000 kwa volti 230 ni karibu ampea 9, muda wote hita inapowaka. Mzigo huo hauwekwi kwenye waya wa taa, wala kwenye waya wa kuongezea unaopita chini ya zulia. Unataka soketi yake, waya wa milimita mraba 2.5, breka yake kwenye boksi, na waya wa ethi unaofika kweli ardhini. Nimeona nyumba mpya nzuri ambazo tundu la ethi lipo kwenye soketi lakini nyuma yake hakuna waya uliofungwa. Fundi apime mbele yako. Mapazia, makochi na kapeti vikae mbali na mdomo wa shemine kwa mita moja hivi.

Na gharama? Bei za mwaka 2020 za RURA, mamlaka inayodhibiti huduma za umma Rwanda, ziliweka faranga 89 kwa kila uniti katika uniti 15 za kwanza za mwezi, 212 kuanzia ya 16 hadi 50, na 249 zaidi ya hapo, kabla ya VAT. Ukiwasha hita ya wati 2,000 saa nne kila jioni, mwezi unakula uniti 240. Hata kwa bei hizo za 2020 ni karibu faranga 56,000, kabla hujahesabu taa, pasi na friji. Kwenye hatua ya wati 1,000 inashuka hadi karibu 26,000. Ukiwasha ndimi peke yake bila hita, mwezi mzima haufiki faranga elfu moja. Thamostati inapunguza hesabu hiyo kwa kuzima hita chumba kikishapata joto, lakini katika nyumba isiyo na dari chumba hakipati joto, na hita haipumziki. Kabla ya kununua, fanya hesabu kwa bei ya sasa, uone Cash Power yako, yaani umeme wa kulipia kabla, itakwenda vipi.

Kuna aina inayotoa mvuke laini wa maji unaomulikwa na taa, na moto wake unaonekana wa kweli mno. Dimplex wanaiuza kwa jina la Opti-myst. Ni nzuri sana kwa macho, lakini sishauri ipelekwe Kanzenze. Inakunywa maji kila siku na inataka maji safi, na kwenye ardhi ya volkano maji ya mvua yanazama kwenye mawe kabla hayajawa kijito. Watu wanategemea matangi na jerikani. Zaidi ya hayo inaongeza unyevu kwenye sebule ambayo tayari imelowa.

Umeme ukikatika, magogo yanakuwa pambo tupu. Montreal wanalijua hilo: Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha minara ya umeme ya Quebec, mamilioni ya watu wakakaa kwenye giza na baridi, wengine kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana kanuni ile ya jiji inaruhusu kuni umeme ukikatika kwa zaidi ya saa tatu. Kwa sababu hiyo napendelea mwenye nyumba wa Kanzenze achague seti ya magogo ya kuweka na kutoa, asichague sanduku linalojengewa ndani ya ukuta moja kwa moja. Dohani yake isibomolewe. Siku ya dharura anatoa magogo, anazibua dohani, anahakikisha hewa inapanda, ndipo anawasha kuni.

Na kama pesa iliyopo inatosha kitu kimoja tu, isiende sebuleni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa mapishi na moto wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Jiko la mama, lile la nyuma ya nyumba lenye mafiga matatu na kuta zilizopakwa masizi, ndilo linalostahili umeme au mtungi wa gesi kwanza. Jambo hilo linaniuma kuliko baridi ya sebuleni. Sasa umeme wenyewe unatoka karibu nasi kabisa: KivuWatt ya Karongi inazalisha megawati 26 kutokana na methani ya Ziwa Kivu, na mtambo wa Shema Power ulijengwa hapo hapo Rubavu. Nishati inayotoka kwenye ziwa letu haina budi kufika kwanza kwa anayepika.

Mdogo wangu amekubali. Mafundi wako kwenye dari sasa, na mama amenunuliwa jiko la gesi. Magogo yatasubiri mwaka ujao. Lakini kuna kitu kimoja nilichomwambia asikiahirishe, na wewe unayejenga nakuomba vivyo hivyo: kabla kuta za shemine hazijapigwa lipu, mwite fundi umeme apitishe waya na aweke soketi yenye ethi kando ya mdomo wake, maana kuchimba ukuta wa mawe baadaye kutakugharimu zaidi ya magogo yenyewe.