Forodhani, Kabla na Baada ya Michoro

Sisi tuliokulia Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe, tuliijua bustani ya Forodhani kwa moshi kwanza. Jua likitua, meza ziliwekwa popote penye nafasi, karabai zikawashwa, na pweza, mishkaki na maji ya miwa vikauzwa juu ya udongo mtupu, maana majani yalikwisha zamani kwa kukanyagwa. Bustani ile ilitengenezwa miaka ya 1930 kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub, mahali palipokuwa na mabanda ya forodha kabla bandari haijahamia mtaa wa Malindi. Jukwaa la beni lilikuwa lingalipo, ingawa wakati wetu kazi yake kubwa ilikuwa kututilia kivuli mchana.

Mji Mkongwe ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, tulisikia redioni tukaendelea kula. Mabadiliko yenyewe yalikuja 2008, Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ilipoanza kuikarabati bustani. Ami yangu alikuwa akiuza mishkaki pale, akaenda na wenzake kwenye kikao kutazama michoro: njia, miti, taa, ukuta wa bahari. Wenzake waliuliza kodi ya meza. Yeye aliuliza maji ya kuoshea sahani yatakwenda wapi. Mpaka siku ile yalikuwa yakimwagwa baharini, papo hapo wanaporukia watoto kuogelea. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema.

Bustani ilipofunguliwa tena 2009, chakula kilikuwa na eneo lake, na wauzaji wamevaa makoti meupe na kofia ndefu za wapishi. Ami alijitazama, akacheka: “Sasa mie daktari wa ng’ombe.” Usafi ule niliupenda, na naupenda mpaka leo. Ila bei zilipanda pole pole kufuata mifuko ya wageni, na jamaa zetu wa mitaa ya Ng’ambo waliokuwa wakija kula wakawa wanakuja kupunga upepo tu, chakula wameshakula nyumbani.

Baadaye mazungumzo yaliacha chakula yakahamia kwenye ukuta wa bahari. Upande wa Mizingani bahari ilikuwa imeula ukuta wa zamani kwa chini. Ukajengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na watu wakapata njia pana ya kutembea jioni. Kisha tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka mafundi wakiwa kazini, wakafa watu wawili. Tangu hapo wazee ninaokaa nao barazani hawaulizi tena jengo litapendeza vipi. Wanauliza nani atalikagua, na kila baada ya muda gani.

Sasa habari ni Malindi. Serikali imepanga bandari ya mizigo Mangapwani, na makontena yakihamia huko itabaki pwani ndefu mbele ya nyumba za kale. Wengi ninaowasikia wanaona hoteli. Mie ningetaka wachukuzi na manahodha wa majahazi waulizwe kabla penseli haijagusa karatasi: maji ya bamvua yanafika wapi, upepo wa kaskazi unapiga upande gani, na chombo kipandishwe wapi kikitaka kutiwa kalafati. Ami ameshaacha kuuza mishkaki, lakini kikao kikiitishwa nitakwenda naye.