Dirisha Nililolisugua

Nilipokuwa nikisomea ualimu, nilipewa zamu ya kusafisha kanisa dogo la chuo. Upande wa magharibi palikuwa na dirisha la vioo vya rangi, lenye picha ya kijito kipitacho baina ya miti. Vumbi la miaka mingi lilikuwa limelifunika. Nami, kwa bidii ya ujana, nikatwaa majivu na gunzi la hindi, kama tulivyozoea kusugulia sufuria nyumbani, nikalisugua mpaka likang'aa. Jioni jua lilipopenya, kijito kilikuwako, na miti ilikuwako, lakini majani yalikuwa yametoweka. Kumbe yalichorwa kwa rangi juu ya kioo, nami nimeyafuta! Sikumwambia mtu. Mkuu wa chuo alidhani ni kazi ya jua.

Mwaka 2023 safari ya walimu ilinifikisha Chicago, katika Marekani. Katika jumba la Art Institute, juu ya ngazi kuu, nilisimama mbele ya dirisha la sehemu 48, kimo chake yapata mita 7 na upana wake karibu mita 5. Agnes Northrop ndiye aliyelibuni, na karakana ya Tiffany ikalitengeneza mwaka 1917 kwa ajili ya kanisa moja la mji wa Providence. Mlima Chocorua waonekana kwa mbali, maporomoko ya maji yako mbele, na miti imeyazunguka.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta alama za brashi katika majani. Sikuziona. Rangi imo ndani ya kioo chenyewe, maana mafundi wa karakana ile waliitia kioo kingali cha kuyeyuka. Walipotaka majani, walitawanya vibanzi vya kioo juu ya kioo kilicholainika, vikashikana. Walipotaka umbali, walipanga kioo nyuma ya kioo, hata mlima ukawa kama umo ukunguni. Hapo gunzi langu lisingaliweza kitu.

Hata hivyo kazi ya namna hiyo ina adui zake. Masizi hupenya baina ya tabaka na kuufifisha mwanga. Viungo vya risasi huchoka kwa uzito na joto, dirisha likabenuka. Jumba lilipata dirisha hilo mwaka 2018, na watu hawakuliona hapo ngazini mpaka mwaka 2021. Mafundi wa kuhifadhi vioo hawana haraka. Husafisha kwa pamba iliyoloweshwa, kipande kwa kipande, na kwanza hujaribu mahali padogo wasije wakaondoa kisichorudi.

Niliporejea nchini nilikwenda chuoni. Dirisha lingaliko, na miti ni mitupu vile vile. Nikamweleza mkuu wa sasa kisa chote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, je, waweza kuyachora upya majani hayo?"

Nikamjibu kwamba sikumbuki yalikuwaje.