Pamba Yenye Maji

Baba alikuwa karani wa pamba hapa Kimali, na watu waliuogopa mkono wake. Wapo wakulima waliokuwa wakinyunyizia pamba maji usiku ili asubuhi iongeze kilo. Baba hakusubiri mzani. Alitumbukiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akautoa, akasema, "Hii irudi juani." Jioni alituambia: mzani hausemi uongo, ila haujui tofauti ya pamba na maji.

Ningeikumbuka kauli hiyo alipougua, ningeanza mapema.

Alikuwa na homa ya ini aina ya B, iliyokaa mwilini kimya kwa miaka mingi hadi ini likajaa makovu. Kila nilipofika nyumbani kutoka Bariadi ninakofanya kazi, nilimpandisha kwenye mzani na kuwatumia ndugu zangu majibu. Kilo 62. Mwezi uliofuata, 62. Wa tatu, 63. "Mzee yuko imara," niliandika. Tumbo lililovimba tuliliona. Mapaja yaliyokuwa yakiisha ndani ya suruali hatukuyaona.

Aliyejua ni wifi yangu. Kaka alikuwa mgodini, hivyo usiku mtu mzima pekee nyumbani alikuwa yeye, na baba alikuwa hawezi tena kunyanyuka kitandani bila kushikwa. Kwetu, baba mkwe na mkamwana wana mipaka yao. Baba hakutaka kupelekwa chooni na mke wa mwanawe. Akatafuta dawa yake mwenyewe: akala kidogo saa kumi na mbili jioni, kisha hakugusa kitu hadi saa nne asubuhi.

Mwanza, daktari hakuanza na mzani. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza taratibu. Kisha akamwomba asimame kutoka kwenye kiti mara 5 bila kujishikilia. Baba alisimama mara 1.

Tukaelezwa. Ini zima huweka akiba ya sukari ya kuulisha mwili usiku. Ini lenye makovu halina ghala hilo, hivyo usiku mmoja bila chakula humchosha mgonjwa kama siku 2 au 3 za njaa kwa mtu mzima wa afya. Mwili hutafuta chakula mahali pengine: hula misuli yake. Tena sisi tulikuwa tumemnyima mayai, dagaa na choroko, kwa kuambiwa kwamba protini ingempanda kichwani. Daktari akatikisa kichwa. Huo ni ushauri wa zamani. Misuli yenyewe husaidia kuondoa amonia, sumu ambayo ini limeshindwa kuisafisha. Mgonjwa kama huyu anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili wake, usipohesabu maji.

Niliwaza juu ya aibu ya baba. Alifunga usiku ili asiombe kushikwa, na kila usiku aliofunga ulimwongezea sababu ya kushikwa.

Walipomtoa maji tumboni, lita 9, nilimpandisha tena kwenye mzani. Kilo 54. Nikashindwa kuandika chochote kwa ndugu zangu. Baba akanitazama, akacheka kidogo. "Sasa umepima pamba, mwanangu."

Ini lake halikupona. Anameza dawa kila siku. Lakini kila saa nne usiku wifi humpikia uji wa mtama wenye maziwa, na yai la kuchemsha pembeni. Mtoto wa kaka amehamia chumbani kwa babu yake. Asubuhi humhesabia: moja, mbili, tatu. Nne bado ni vita.

Juzi nililala nyumbani. Usiku wa manane nikasikia mlango, kisha kandambili uani, taratibu, na mwanga wa tochi ukapita dirishani. Wifi alikuwa macho kando yangu. Hakuinuka. Alisikiliza mpaka mlango ukafungwa tena, akajifunika shuka.