Maji Yaliyoingia Bila Hodi

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi wangu waliieleza vizuri katika mitihani yao. Lakini mimi mwalimu wao sikuielewa sawasawa mpaka masika ya mwaka 2009, na aliyenifundisha si kitabu bali ni gari. Ndugu msomaji, yaliyonifika ni haya.

Mwishoni mwa mwaka 2008, baada ya kudunduliza kwa muda mrefu, nilinunua gari dogo la mtumba kutoka Japani. Wakati huo tulikuwa tunaishi Tanga, katika nyumba ya kupanga huko Chumbageni: mimi, mama watoto, watoto wetu wawili, na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Muheza, aliyekuwa akisoma kidato cha pili. Gari halikuwa jipya, lakini kwa mtu aliyekwenda kazini kwa baiskeli miaka 14, lilikuwa jipya kupita kiasi. Mpwa wangu alilipenda kuliko sisi sote. Kila Jumamosi aliliosha, akafuta vioo kwa gazeti, kisha akakaa pembeni kulitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake.

Uani palikuwa na mwarobaini mkubwa. Jua la Tanga la mwezi wa kwanza na wa pili si la mchezo, na mimi sikutaka rangi ya gari ichujuke wala dashibodi ipasuke. Nikaanza kuliegesha chini ya mti ule. Nilijiona mwenye akili sana.

Masika yakaanza. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, nilifungua mlango nikakuta dimbwi la maji miguuni pa abiria wa mbele, upande wa kushoto. Ndani ya dimbwi hilo ilikuwamo bahasha yenye karatasi za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, ambazo nilikuwa nimezisahihisha na kuzisahau garini. Zimelowa chapachapa, wino umetapakaa, alama hazisomeki. Ilinibidi nisimame mbele ya mkuu wa shule, na baadaye mbele ya wanafunzi 41, kueleza kwa nini mtihani wao urudiwe.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira tayari.

"Jana wewe uliosha gari. Kioo ulikifunga?"

"Nilikifunga, mjomba."

"Kama ulikifunga, maji haya yamepita wapi?"

Alinyamaza. Mtoto angejibu nini? Jibu la swali lile hata mimi sikuwa nalo. Lakini mimi nilikuwa mkubwa, na hasira yangu ilihitaji mtu wa kumwangukia.

Wiki ile mvua ilinyesha tena na maji yakaingia tena. Safari hii sikuuliza kama amefunga kioo. Nilimwita mwongo mbele ya watoto wangu, ambao ni wadogo zake. Nikamnyang'anya kazi ya kuosha gari. Jioni alinijia taratibu akasema, "Mjomba, mle chini ya boneti kuna majani mengi sana. Niyatoe?" Nikamjibu, "Boneti usiiguse kabisa. Umekwisha haribu ya kutosha." Maneno hayo ninayakumbuka neno kwa neno, na kila niyakumbukapo hutamani niyarudishe kinywani. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu siku hiyo kijana akawa kimya. Shikamoo alinipa, chakula alikula, ila kicheko chake hakikusikika tena nyumbani. Likizo fupi ya mwezi wa nne ilipofika, aliaga kwenda kwa mama yake. Jioni ile mke wangu aliniambia, "Mwalimu, huyu mtoto hakubeba nguo tu. Amebeba na madaftari yote." Nikasema atarudi. Mke wangu hakunijibu.

Usiku wa nne tangu aondoke, mvua kubwa ilinyesha. Vioo nilivifunga kwa mkono wangu, milango niliijaribu mmoja mmoja, funguo nililala nazo chini ya mto. Asubuhi nilifungua gari. Maji yalikuwamo.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba sikuyatazama maji. Nilikuwa nikimwona mtoto wa dada yangu amesimama mbele yangu akisema, "Nilikifunga, mjomba."

Nililipeleka gari gereji. Fundi wa kwanza, kijana mwenye haraka, alilitazama kwa dakika tano, akasema ni kioo cha mbele, akapaka gundi ya silikoni kukizunguka, akachukua fedha yake. Mvua iliyofuata maji yaliingia kama kawaida. Ndipo rafiki yangu mmoja akanielekeza kwa mzee mmoja fundi wa bodi, huko Ngamiani.

Mzee yule hakushika kifaa chochote kwanza. Aliuliza maswali kama daktari.

"Mwalimu, maji haya huja siku za mvua tu, au hata siku za jua kali?"

Nikamwambia siku za mvua tu. Akanieleza kwamba maji yanayoonekana siku ya jua, tena safi yasiyo na harufu, mara nyingi ni ya kiyoyozi, ambacho mpira wake wa kumwagia maji nje umeziba. Yakiwa yanateleza vidoleni, yana rangi na harufu ya utamu, hayo ni ya rejeta, yanavuja kwenye hita iliyo nyuma ya dashibodi. Lakini yakija na mvua na kunuka udongo, hayo yametoka juu, na kazi ni kutafuta mlango wake. "Na usidanganyike na kapeti," akaongeza. "Kapeti hukauka juu wakati chini ni bahari. Ukiona vioo vinaingia ukungu kwa ndani kila asubuhi, au gari linanuka kama nguo iliyolala mbichi, jua kuna maji chini."

Alifungua kiti cha mbele, akainua kapeti. Chini yake mlikuwa na sponji nene. Aliikamua ndani ya ndoo, na ndoo ikafika karibu nusu. Bati la sakafu lilikuwa limeanza kuota kutu, na kiungio kimoja cha nyaya kimeshika ukijani. Akasema, "Ungechelewa mwaka mmoja, ungekuja kwangu kuchomelewa sakafu, au kuuliza kwa nini gari haliwaki."

Kisha akanipa kauli ambayo sijaisahau: "Maji unayaona yalipotua, huyaoni yalipoingilia. Yakishaingia hufuata bati, hufuata waya, huteremka mpaka mahali pa chini, ndipo yanapojionyesha. Anayepaziba pale anapoyaona hataziba kitu."

Tulianza majaribio. Mimi nilipewa tochi nikalala kifudifudi, kichwa chini ya dashibodi, umri wangu na ualimu wangu nikiwa nimeviacha nje. Mzee alishika mpira wa maji, lakini hakufungua bomba kwa nguvu. Alisema maji yakirushwa kwa nguvu huingia hata pasipo na kosa. Mvua huteremka, hairushwi. Tena hakuanzia juu. Ukianzia juu, maji hutambaa gari zima na hutajua yamepita wapi. Alianza chini, kwenye kizingiti cha mlango, akamwagia kama dakika kumi. Pakavu. Akapanda kwenye kiungo cha mlango. Pakavu. Pembe ya kioo cha mbele. Pakavu. Kumbe gundi ya yule kijana ilikuwa ya bure. Tena mzee alinusa mabaki yake, akasema gundi ile inayonuka siki ikipakwa penye bati tupu huweza kuleta kutu badala ya kuizuia.

Alipohamia chini ya waipa, hazikupita dakika mbili nikasikia tone. Kisha tone la pili. Kisha maji yakateremka kwenye boksi la feni, yakaniangukia shavuni.

"Yamekuja!" nikapiga kelele kama mtoto.

Alinitoa akanionyesha. Chini ya kioo cha mbele, penye waipa, pana kifuniko chenye matundu. Chini yake ni mfereji wa bati unaopokea maji yote ya kioo, na kila upande kuna tundu la kuyashusha nyuma ya tairi la mbele. Mfereji huohuo ndio unaovutia hewa ya feni. Matundu yakiziba, maji hupanda kama ndani ya karai, yakifika kimo cha njia ya hewa humwagikia ndani, miguuni pa abiria. Akafungua kifuniko kwa bisibisi. Mfereji wote ulijaa majani. Si majani ya njia wala ya gereji, bali vijani vile vyembamba vya mwarobaini, vya juu vikavu, vya chini vimekwisha kuwa mboji nyeusi. Aliyatoa kwa mikono, gao baada ya gao. Akaingiza waya laini kwenye tundu, akazungusha, akamwaga maji. Yakatoka yote nyuma ya tairi, yakipiga kelele.

Mzee akauliza, "Gari hili hulala wapi?"

Sikuweza kumjibu mara moja. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeliweka chini ya mti. Mimi ndiye niliyeambiwa kuna majani, nami nikakataza yasiguswe.

Nilitaka kuondoka, lakini mzee alinizuia. Ukipata tundu moja, alisema, usifunge kazi. Maliza gari zima. Aliendelea na milango ya nyuma. Alifunga mlango juu ya kipande cha karatasi, akakivuta: kikishikwa, mpira wa mlango ni mzima, kikitoka bure, umelala. Yote ilishika. Lakini maji yalipomwagwa juu ya kioo cha mlango wa nyuma wa kulia, unyevu ukaonekana chini kwa ndani. Nikajifunza jambo jingine: maji huingia ndani ya mlango siku zote, yakipita ubavuni mwa kioo, na mlango una vitobo chini vya kuyatoa. Nyuma ya paneli kuna karatasi ya nailoni inayoyazuia yasije kwa abiria. Aliyefunga spika za redio kabla sijalinunua gari alikuwa ameichana nailoni ile na kuiacha ikining'inia. Mzee akazibua vitobo kwa kijiti, akabandika nailoni mpya kwa utepe wa lami usiokauka.

Kapeti na sponji vilianikwa juani siku tatu, maana sponji ikirudishwa mbichi kazi yote ni bure. Kutu ilipigwa msasa, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu, na kile kiungio cha nyaya kikasafishwa. Siku ya nne tukamwagia gari lote maji kwa nusu saa, huku magazeti makavu yametandikwa sakafuni. Tulipofungua, magazeti yalikuwa makavu kama yalivyotoka dukani.

Jumamosi iliyofuata niliendesha kwenda Muheza. Njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno. Kwetu mkubwa kumwomba mdogo radhi ni jambo zito. Wengi huona inatosha kumnunulia shati mtoto na kuendelea kama vile hapakutokea kitu. Nami, sitaki kuficha, shati nilikuwa nimelinunua, limo kwenye kiti cha nyuma.

Dada yangu alinipokea kwa heshima zote, lakini macho yake yalinisubiri. Nikamwomba amwite mwanawe. Alikuja, akanipa shikamoo, akasimama mbali kidogo. Nikamwambia mbele ya mama yake, "Nilikuita mwongo, na hukuwa mwongo. Maji yalipita mahali ulipotaka kunionyesha, nami nikakufukuza. Nimekuja kukuomba radhi."

Alitazama chini kwa muda. "Yamekwisha, mjomba," akasema. Kisha, kama aliyeshindwa kujizuia, akauliza, "Kwani yale majani yalikuwa yameziba nini?"

Nilifungua boneti. Tuliinama pamoja nikamweleza habari ya mfereji na matundu yake, naye akataka kujua kila kitu, hata habari ya nailoni ya mlangoni. Shati nililitoa jioni, wakati wa kuaga, na halikuwa tena la kuzibia kitu.

Hakurudi nami siku ile. Mama yake alisema, mwache amalizie likizo, akitaka atakuja mwenyewe. Nilikubali, maana sikuwa na haki ya kudai. Shule zilipofunguliwa nilirudi kazini jioni nikakuta begi lake barazani. Gari lililala juani tangu wakati huo, na kila mwezi yeye ndiye aliyefungua boneti na kusafisha mfereji.

Ndugu msomaji, kama gari lako linaingia maji, usikimbilie gundi. Kausha kwanza, anza chini, mwagia polepole, na uwe na mtu ndani mwenye tochi. Zaidi ya hayo, kabla hujamuuliza mtu yeyote kwa nini hakufunga kioo, angalia umeegesha chini ya mti gani.